Mama Tikisa na Barafu ya Dada Yake

Karibuni, wasikilizaji wapendwa. Mwenye mtoto amlaze begani. Mwenye sufuria jikoni apunguze moto. Leo tunamkumbuka mwanamke ambaye hakupenda haraka.

Jina lake la kwenye vyeti lilikuwa refu. Sisi tutamwita kama alivyoitwa mtaani: Mama Tikisa. Alikuwa mtafiti wa afya ya jamii. Kazi yake ilikuwa kutafuta namna ya kuzuia magonjwa kabla hayajabisha hodi, katika nchi ambayo dawa ni chache na watoto ni wengi. Alifariki wiki iliyopita, asubuhi, nyumbani kwake, mumewe akiwa anamchana nywele. Kwa aliyechelewa kuwasha redio, narudia: tunamkumbuka Mama Tikisa, mtafiti wa chanjo.

Kwa nini Tikisa? Kwa sababu hakuweza kupita kliniki yoyote bila kufungua sanduku la baridi, lile la kubebea chanjo. Alichomoa pakiti ya barafu, ile bapa ya plastiki yenye maji ndani, akaiweka sikioni na kuitikisa, kama mtu anayechagua nazi sokoni. Akisikia maji yanacheza, alitabasamu. Asiposikia kitu, alivuta kiti. "Tutasubiri," alisema. Na wote mkasubiri, mpende msipende.

Wauguzi vijana walimcheka kisogoni. Mumewe, ambaye ni fundi cherehani, alimcheka usoni. Anasema nyumbani hakuna chupa iliyosalimika, iwe ya dawa ya kikohozi au ya mafuta ya cherehani. "Mimi niliogopa hata kuzeeka," anatuambia, "nisije nikatikiswa."

Lakini kutikisa huko kulizaliwa na aibu, wasikilizaji wapendwa. Aibu ya mtu aliyempenda kuliko wote. Dada yake.

Mama yao mzazi aliondoka duniani mdogo akiwa bado anang'oa meno ya utotoni. Dada ndiye aliyemlea. Wakati huo dada alikuwa anasomea uuguzi, na mazoezi ya sindano aliyafanyia kwenye machungwa. Alidunga, akasukuma maji, akachomoa. Jioni mdogo mtu alikula machungwa hayo, yamevimba, hayana ladha, na hakuna ruhusa ya kulalamika. Dada yupo hai, ana mvi kichwa kizima, na bado ana ulimi. "Huyo alikula mitihani yangu yote," anasema. "Ndiyo maana alipata akili."

Dada alimfulia sare. Dada alimsikiliza akisoma kwa sauti huku yeye akisinzia. Siku mdogo alipopata nafasi ya chuo kikuu, dada alitangaza wodini, na wagonjwa wenye nguvu wakapiga makofi wakiwa vitandani. Kwa hiyo Mama Tikisa alizoea kusema kwamba kila alichonacho kina alama za vidole vya dada yake.

Alirudi na shahada, akaajiriwa kwenye taasisi ya utafiti. Msidhani ni jumba la vioo. Ofisi yake ilikuwa stoo ya zamani yenye dirisha lisilofungika, feni moja ya kupigania, na meza aliyogawana na mwenzake kwa mstari wa chaki. Dada naye alikuwa amepanda. Alikuwa muuguzi mkuu wa kliniki ya mtaa, mwendo mfupi tu kutoka hapo. Kliniki ile ilisifika. Sakafu yake ilimetameta. Na friji yake, wasikilizaji wapendwa, ilikuwa baridi kuliko zote. Wageni walipelekwa kuiona.

Ndipo kifaduro kikaingia mtaani.

Kwa asiyekijua, kifaduro ni kikohozi cha watoto kinachokuja mfululizo. Mtoto hapati nafasi ya kuvuta pumzi. Midomo inabadilika rangi. Halafu pumzi inaingia kwa mlio, kama jogoo mchanga anayejifunza kuwika. Mama anayeusikia mlio ule kwa mwanawe hausahau. Wodi ya watoto ilijaa mlio huo. Wengine walipona. Wengine walirudishwa nyumbani wamefunikwa.

Lakini si kuna chanjo ya kifaduro? Ipo. Basi wakubwa wakahitimisha upesi: kina mama wamezembea, hawaleti watoto. Ripoti ya kwanza ikaandikwa hivyo hivyo. Taasisi ikamtuma Mama Tikisa nyumba kwa nyumba kuuliza kwa nini.

Hakupokelewa vizuri. Kibarazani kwa msusi mmoja, mwanamke mwenye mikono myepesi na mdomo mwepesi zaidi, Mama Tikisa aliulizwa kwanza yeye ana watoto wangapi, na kama ana haja ya kusukwa, maana kichwa chake kinatia huruma. Alipofikia swali la chanjo, msusi aliacha kusuka. Mwanawe alikuwa amelala mkekani pembeni, amekonda kwa kukohoa.

"Huyu amechomwa zote," msusi alisema. "Nilikwenda kliniki nikaambiwa mimi mzembe, lazima niliruka siku. Sikuruka. Aliyemchoma ni dada yako. Nenda kamuulize dada yako."

Alikwenda. Na dada hakusita. Alimkumbuka mtoto yule. Ndiye aliyempiga yeye teke, miwani yake ikaanguka. Ndiyo, alimchanja mwenyewe, na safari zote alimchanja yeye. Na kumwita mama yule mzembe, labda ilikuwa hasira tu, kwa sababu yeye dada hakuwa na maelezo mengine.

Basi ikawa hivi. Mtoto amechanjwa, na mtoto ameugua. Kosa limeingilia wapi?

Wote walifikiria joto. Katika kazi ile, joto ndilo adui aliyefundishwa tangu siku ya kwanza. Mama Tikisa alikagua nyaya na mpira wa mlango wa friji, akauliza kama umeme hukatika. Friji haikuwa na kosa. Dada alisimama nyuma yake amekunja mikono. Alisema kama anatafuta joto humo ndani, aende na koti.

Jibu lilikuja asubuhi ya chanjo. Dada alikuwa amepanga vichupa kwenye sanduku la baridi kama alivyopanga miaka yote: pakiti za barafu kutoka kwenye jokofu la kugandishia moja kwa moja, ngumu kama tofali, chini, juu na pembeni, na vichupa katikati vimebanwa. Mtoto wa kwanza alikuwa mapajani mwa mama yake. Dada alichukua kichupa, akakitazama kwenye mwanga, akakizungusha katikati ya viganja vyake. Akakipulizia pumzi. Akakizungusha tena, taratibu, huku akimwimbia mtoto.

Mama Tikisa alimuuliza anafanya nini.

Dada alisema kimeshikana kidogo. Hutokea mara nyingi, hasa asubuhi. Akakiyeyusha kwa viganja, ili dawa isiwe baridi, mtoto asishtuke. Alisema kwa fahari. Kwake hiyo ndiyo ilikuwa dalili ya kazi njema: chanjo imelindwa mpaka imeganda.

Mama Tikisa alimwomba asimame. Asichome kwanza. Dada alimwangalia kama mtu aliyetukanwa mbele ya wageni.

Zipo chanjo zinazovumilia kuganda. Ya kifaduro haivumilii. Ikiganda imekufa, hata ukiiyeyusha kwa upendo wote wa dunia. Na jambo hili halikuwa siri. Lilikuwa limeandikwa vitabuni. Yeye mwenyewe aliwahi kulijibu kwenye mtihani chuoni. Ila halikuwa limetembea kutoka kwenye vitabu vile mpaka kwenye meza ya dada yake. Na yeye, aliyekula machungwa ya dada yule, hakuwa amelibeba.

Alasiri, kliniki ikiwa tupu, waliweka vichupa viwili dirishani. Kimoja kilichowahi kuganda. Kingine ambacho hakijaguswa na barafu. Mama Tikisa alivitikisa vyote pamoja, akaviacha vitulie. Ambacho hakijaganda kilibaki na ukungu wake, kama maji ya mchele. Kilichoganda kilianza kushusha chenga. Chenga zikatua chini upesi, na juu yake yakabaki maji maangavu. Ndivyo chanjo iliyokufa inavyojitangaza. Haina lugha nyingine.

Dada alivua miwani. "Kwa hiyo nimekuwa nikiwachoma maji," alisema.



Sasa, wasikilizaji wapendwa, kurekebisha barafu ni jambo dogo. Unaitoa pakiti kwenye jokofu, unaiweka mezani, unaisubiri itoe jasho. Ukiitikisa ukasikia maji ndani, ipo tayari. Itapoza na haitagandisha. Na watoto waliochomwa maji nao wana dawa: wachanjwe upya. Kazi ilikuwa moja tu. Kina mama waambiwe nini?

Mkurugenzi wa taasisi hakuwa mtu mbaya. Aliwahi kufanya kazi mahali ambapo uvumi mmoja uliwafanya watu waikimbie kliniki, na alizika watoto kwa sababu ya uvumi ule. Alitaka watoto waitwe upya kwa jina la dozi ya nyongeza. Basi. Bila maelezo.

"Ukiwaambia chanjo ilifia mikononi mwetu," alimwambia, "watakuamini kwa hilo moja. Na hawatakuamini tena kwa lingine lolote. Surua itatukuta milango ipo wazi."

Mama Tikisa hakumpuuza. Mumewe anasema jioni ile alikaa na kifungo kimoja na sindano moja, na kifungo hakikushonwa. Akinyamaza, watoto wangechanjwa salama, na dada yake angebaki na heshima yake. Akisema, huenda benchi za kliniki zingebaki tupu, na kifaduro kingerudi kuvuna. Kila kitu kilimwambia anyamaze. Kasoro ripoti ile ya kwanza. Ilikuwa bado inasema kina mama ni wazembe. Msusi alikuwa bado mwongo, kwa maandishi.

Alirudi kwa mkurugenzi asubuhi. Alimwambia hawezi kumwokoa mtoto kwa kumwacha mama yake akiitwa mwongo, na kwamba mficha maradhi hufichuliwa na kilio.  Mwishowe mkurugenzi akamruhusu. Lakini likiharibika, alimwambia, kazi yako nayo imekwenda.

Kabla ya siku yenyewe alipita kwa dada. Dada alikuwa anapiga pasi sare. Alimsogezea kigoda kwa mguu, akaendelea na pasi. Mama Tikisa alimweleza kwamba atazungumza na kina mama, na kwamba hatamtaja. Atasema wataalamu walikosea.

Dada aliguna tu. Akageuza mkono wa gauni, akaendelea na pasi.

Uwanja wa kliniki ulijaa. Benchi hazikutosha, wengine wakakalia ngazi, wengine wakasimama wakibembeleza watoto migongoni. Mama Tikisa alisimama na vichupa vyake viwili. Alieleza. Chanjo iliganda. Ikiganda inakufa. Watoto wenu walichomwa chanjo iliyokufa. Ninyi hamkuzembea. Sisi wataalamu ndio tuliokosea.

Sauti moja nyuma ikasema kumbe mlikuwa mnatufanyia majaribio. Nyingine ikaitikia. Mama mmoja akakaza kanga yake, akaelekea getini. Wawili wakamfuata. Kisha kundi. Mkurugenzi, pale ukutani, aliinamisha kichwa.

Ndipo dada alipotoka mlangoni, amevaa sare aliyoipiga pasi mpaka ikasimama.

"Si wataalamu," alisema. "Ni mimi. Hiyo barafu ni yangu. Niliipanga kwa mikono hii, na nilijisifu."

Walioelekea getini waligeuka. Mdogo akaharakisha kumkinga: dada alifundishwa kuogopa joto tu, hakuna aliyemwambia kuna baridi ya kuogopa, wenye kosa ni waliopaswa kumfundisha.

"Usinitetee mbele za watu," dada alimkata. "Nimekulea mimi. Hujanilea wewe."

Kicheko kidogo kilipita kwenye benchi. Mdogo hakukubali, dada naye hakukubali, kila mmoja analivuta kosa kwake kama watu wanaogombania kulipa nauli. Msusi akasimama, mtoto kiunoni.

"Kosa mtagawana jioni, mkiwa kwenu," alisema. "Mimi nina vichwa vinanisubiri. Lakini kwanza niombwe radhi. Niliitwa mzembe hapa hapa."

Dada alishuka ngazi. Mtu mkubwa yule, muuguzi mkuu, akasimama mbele ya msusi na kumwambia: "Ulinieleza kweli, nikakuona mwongo. Nisamehe, mama."

Msusi alimtazama.  Kisha akasema amesikia, lakini bado haamini barafu. Anataka kuisikia mwenyewe.

Hilo halikuwa limepangwa na mtaalamu yeyote. Mama Tikisa alimpa pakiti. Msusi akaiweka sikioni, akatikisa. Akasema ndani kumekufa kimya. Basi wakaiweka mezani, juani, na uwanja mzima ukasubiri barafu itoe jasho. Mtu alileta maji ya kunywa. Watoto waliachiwa watambae. Msusi alijaribu tena, akakunja uso, akairudisha. Mara ya tatu alitikisa, akatulia, akamwekea jirani yake sikioni. Jirani akampa mwenzake. Pakiti ile ikapita benchi hadi benchi, kina mama wakitikisa na kusikiliza, mpaka ikawafikia wale wa getini.

Msusi alikaa wa kwanza. Mtoto alilia kwa nguvu zote. Na nyuma yao, wasikilizaji wapendwa, mstari ukaanza kujipanga, ukazunguka jengo.

Hawakubaki wote. Wapo waliokwenda zao siku ile, na wengine walichukua muda kurudi. Mama Tikisa aliwafuata nyumbani na pakiti yake ya barafu, na huko ndiko jina lilikopatikana. Lakini walirudi. Surua haikukuta milango wazi. Kifaduro kilipungua, kisha kikanyamaza. Wodi ile iliyojaa mlio sasa ina vitanda vitupu, na wanafunzi wa uuguzi wanajisomea humo mchana.

Mwingine angeishia hapo. Yeye alikuwa mtafiti. Aliuliza swali jingine: hii barafu ya dada ipo wapi kwingine? Alizunguka kliniki za mijini na za mashambani, akaikuta karibu kila alikokwenda. Ilikuwa pale ambapo wauguzi walikuwa na bidii. Kisha akafanya utafiti uliompa heshima mbali na kwetu. Aliligawa eneo. Upande mmoja wauguzi walifundishwa peke yao. Upande wa pili wauguzi walifundishwa, na kina mama wakaruhusiwa kutikisa pakiti kabla ya sindano. Upande wa pili ulishinda, kwa mbali. Palipo na mama anayesikiliza, barafu ilisubiriwa.

Alialikwa kwenye mkutano mkubwa, ukumbi wenye zulia. Aliulizwa mtambo wake unagharimu kiasi gani. Alijibu kwamba mtambo wenyewe una masikio mawili na umebeba mtoto. Leo nchi nyingine zenye kipato kidogo kama yetu zinawaita kina mama kutikisa. Mkurugenzi wake wa zamani, sasa mzee, alitutumia ujumbe mfupi: "Nilikosea kuhusu kina mama. Sijawahi kufurahi kukosea kiasi kile."

Na dada? Hakuacha kazi. Alitaka kuacha, mdogo wake akamkatalia. Akawa mwalimu wa barafu. Kila kundi jipya la wauguzi alilianzia kwa hadithi yake mwenyewe, bila kujipaka rangi. Binti wa Mama Tikisa, ambaye ni mwalimu wa shule, anasema mama yake mkubwa na mama yake waligombana maisha yote juu ya nani alaumiwe. "Hakuna aliyeshinda," anasema. "Na hakuna aliyetaka kushinda."

Ugonjwa ulipomlaza, Mama Tikisa hakupenda kuliliwa. Muuguzi alipomletea pakiti ya baridi ya kumpunguzia homa, alinyoosha mkono, na wote waliokuwepo wakajua anataka nini. Wakampa. Akatikisa. Akacheka.

Siku ya maziko iliangukia siku ya chanjo. Watu waliuliza kama kliniki ifungwe kwa heshima yake. Dada alisema atakayeifunga azikwe naye. Kwa hiyo kina mama walichanjisha kwanza, kisha wakaja makaburini moja kwa moja, watoto mikononi, mapaja yakiwa bado yanauma. Na watoto hawana adabu ya maziko. Mmoja alianza kulia, mwingine akampokea, na punde msemaji hakusikika tena. Akanyamaza. Kina mama wakaona haya, wakaanza kusogea pembeni.

Dada aliinua fimbo yake. "Rudini hapa," alisema. "Waacheni walie. Hiki ndicho kilio alichokifanyia kazi."

Wasikilizaji wapendwa, kwa fundi cherehani, kwa binti, kwa dada mwenye mvi na ulimi, na kwa wote wa taasisi ya utafiti, tunatoa pole za dhati. Mungu awape subira. Kilichowatoka kimetutoka sote.

Nasi tuliobaki tujiulize. Kila mmoja wetu ana mtu anayemwamini na kumkabidhi kitu cha thamani: mgonjwa, mwanafunzi, mteja, mtoto. Tukigundua tumemkosea, tutamrekebishia kimyakimya, au tutamwita uwanjani tumweleze? Mama Tikisa aliogopa kwamba ukweli ungewafukuza kina mama. Wanawake wale walitaka kuombwa radhi, na kushika barafu kwa mikono yao. Walipopewa hayo mawili, walikaa. Na walikaa na watoto wao.